Sema Tugeuke

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Una mafua kidogo, una furaha unayojaribu kunificha ili nisijisikie vibaya, na saa hii uko Hässelby unawaaga rafiki zako. Mimi niko jikoni kwetu Fittja. Ni saa kumi jioni na giza limekwisha kuingia, kama kawaida ya Januari. Begi lako refu la ski limelala kwenye korido, na kila nikipita najikwaa.

Sitakuandikia habari za soksi, wala chakula, wala kanisa. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Kesho unaenda kaskazini kusomea kazi ya kuongoza watu milimani, na mimi nataka kukuandikia jambo moja tu, nalo ni kimya changu. Humu hamna siri. Tukio lenyewe unalijua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulikaa benchi la mbele siku ya mazishi. Usichokijua ni jinsi lilivyotokea ndani yangu, kabla halijatokea nje.

Nianze na Kaka Kiprono, ambaye kwako ni Uncle Kip. Tulipotua hapa Uswidi, uwanja wa ndege wa Arlanda, ulikuwa umelala begani kwangu, mtoto wa miaka mitatu mwenye gauni la pamba, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye viatu vya wazi. Sikumjua. Alikuwa ameombwa na watu wa kanisa aje kutupokea. Alikuja na koti la mtoto ambalo alikuwa amelipasha moto kwenye hita ya gari, akakuvika kabla hajanipa mkono. Tulilala sebuleni kwake mpaka nilipopata chumba. Alinisindikiza kila ofisi, akanisubiri kila foleni, na nilipoanza kusomea kazi ya maabara Flemingsberg alikaa nawe jioni ukimpaka rangi za kucha. Hata siku moja hakunikumbusha. Mtu wa namna hiyo humwiti kwa jina tupu. Na humwambii kwamba amekosea.

Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye theluji. Kiprono ni fundi wa mabasi, na wenzake wa gereji walimchukua kwenye kile Waswidi wanachokiita topptur: unapanda mlima kwa miguu yako, ski, zile mbao ndefu za kutelezea, zikiwa zimebandikwa ngozi chini zisiteleze kurudi nyuma, huko juu unazibandua ngozi, kisha unateremka mahali ambapo hakuna lifti, hakuna njia, hakuna mtu aliyepita. Alirudi akiwa kama mtu aliyeokoka. Alisema tumeishi nchi hii miaka mingi tukiwa tunachungulia baridi dirishani, na sasa basi. Akanishika mimi, akamshika na Furaha wa ghorofa ya juu, yule Tantine Furaha wako, muuguzi wa wazee, mtu wa Bukavu aliyekuwa akicheka mpaka majirani wagonge ukuta.

Unakumbuka mazoezi kando ya ziwa la Alby? Ulikuwepo na sahani yako ya kuteleza. Kila mmoja wetu alikuwa amevaa redio ndogo kifuani, ile inayotuma mlio ili ukifukiwa wenzako wakutafute kwa za kwao. Kiprono alifukia moja kwenye theluji ndani ya mfuko wa mkate, akatutuma tuitafute. Furaha akazunguka na yake mkononi kama mtu anayetafuta mtandao wa simu.

"Inasema ni hapa!"

"Hapo nimesimama mimi, Furaha. Umenipata mimi, na sijafukiwa."

"Basi lala chini nikufukie, nisipoteze bidii yangu."

Kiprono akajaribu kugeuka na ski zake kwa madaha, zikapishana, akaketi. Akasimama, akajikung'uta. "Sisi Wakenya ni watu wa mbio. Hatuanguki."

"Mais ndugu yangu, basi weye umekwisha kuwa Mswidi kabisa. Tangu asubuhi unalala tu chini!"

Ukatuambia kwa Kiswidi kwamba tunakuaibisha mbele ya watoto wa shule, na Furaha akakurushia donge la theluji likakupata sikioni. Ninaiweka siku hiyo hapa kwa sababu tangu afariki, kila nikimtaja Furaha nyumbani humu, namtaja kama marehemu. Hakuwa marehemu. Alikuwa mtu wa kurusha theluji.

Unanijua, siwezi kufanya jambo bila kulisoma. Katika sisi watatu ni mimi peke yangu niliyekwenda kwenye kozi ya maporomoko ya theluji. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alituonyesha jinsi upepo unavyoihamisha theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, na jinsi rundo hilo linavyokaa kama ubao uliowekwa juu ya gololi. Alituambia kwamba wakati mwingine theluji hutoa onyo, na kwamba ikitoa, mjadala umekwisha. Halafu akasema jambo ambalo niliona ni la kawaida kuliko yote: kila mtu kwenye kundi, hata aliyeanza jana, ana haki ya kusema tugeuke, na akisema, wote wanageuka, na hakuna anayemuuliza kwa nini mpaka wafike chini. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani kuelewa na kuweza ni kitu kimoja.

Niache kidogo nirudi Kitale.

Nilikuwa darasa la saba. Babu yako alikuwa na madumu mawili ya dawa stoo, yanafanana, moja la wadudu na jingine la kuua magugu. Asubuhi moja alijaza bomba la mgongoni akaingia kwenye mahindi, yaliyokuwa yamefika magotini, na majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wakizungumza naye. Mimi nilikuwa nimebeba maji. Nikasoma maandishi kwenye dumu lililokuwa wazi: la kuua magugu. Nikasoma tena. Nikamtazama baba yangu akitembea mstari kwa mstari akinyunyiza, akicheka na wenzake, na nikatua ndoo, nikasimama pale. Mtoto wa kike atamwambiaje baba yake, mbele ya wanaume, kwamba hajui kusoma dumu? Nilisubiri wale majirani waondoke. Walipoondoka alikuwa amemaliza. Baada ya wiki shamba lilikuwa la rangi ya majani makavu ya chai. Aliamini mpaka kufa kwake kwamba mwenye duka alimuuzia dawa mbaya. Mwaka ule tulikula ugali wa kuombaomba kwa shangazi, na nyumbani nikasifiwa kwa kuwa mtoto mtulivu asiyelalamika.

Nimefikiria sana kuhusu msichana yule na ndoo yake. Hakuwa mwoga. Angeingia kwenye moto kumtoa baba yake. Kitu ambacho hakuweza kukifanya ni kumfanya baba yake aonekane mdogo. Hilo halikuwa woga, lilikuwa mapenzi, na ndiyo sababu lilikuwa gumu kuling'oa.

Sasa twende kwenye milima ya Jämtland, likizo ile ya Februari. Tulikuwa tumekodi kibanda. Upepo ulivuma tangu tulipofika, ukatufungia ndani, tukacheza karata na kula maharage. Siku ya tatu kukatulia. Jua likatoka, theluji yote ikawa nyeupe mpaka macho yauma, na Kiprono akawa hashikiki. Kulikuwa na kilele kidogo nyuma ya kibanda. Mlima wa watoto, alisema.

Tulipanda vizuri. Yeye mbele, Furaha katikati, mimi nyuma. Kabla ya mteremko wa mwisho kulikuwa na sehemu tambarare, na tulipofika katikati yake theluji ikatoa sauti. Ni sauti ambayo umeisikia sasa, unaijua: kama gunia la unga lililodondoshwa sakafuni chumba cha pili. Uwanja wote ukashuka chini yetu kidogo, na ufa mwembamba ukatoka kwenye ncha za ski za Furaha ukakimbia mbele kama uzi unaovutwa.

"Ni nini hiyo?" Furaha akauliza.

"Theluji inajipanga tu," Kiprono akasema. "Ni kawaida."

Sikuwa na shaka. Nataka uelewe hivyo, maana baadaye watu wengi walinipa shaka kama zawadi. Wakasema hukuwa na uhakika, ulikuwa mgeni, ungejuaje. Nilijua. Upepo ulikuwa umetoka magharibi, mteremko uliokuwa mbele yetu ulitazama mashariki, theluji ilikuwa imetuambia kwa mdomo wake, na chini ya mteremko kulikuwa na korongo la kijito ambalo lingepokea chochote kitakachoshuka. Kila kitu kilikuwa kama kwenye picha za kozi. Nikafungua mdomo, nikasema hivi:

"Kaka, kwani tusile kwanza?"

Hayo ndiyo yaliyotoka. Nilikuwa na tugeuke mdomoni, na kwenye njia ya kutoka ikavaa nguo za adabu, ikafika nje ikiwa chakula. Nilitumaini ataelewa. Kwetu mtu mkubwa humpi neno, unampa mlango, aingie mwenyewe.

"Tutakula juu, mama. Kuna jua."

"Sawa, kaka."

Furaha alikuwa amegeuka ananitazama. Hakuwa anacheka. Akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu, "Mama Nekesa, weye njo ulisoma. Unasema nini?"

Nikamwambia, "Kaka anajua."

Nekesa, kama ukitupa barua hii yote ukabaki na mstari mmoja, bakisha huo. Mwenzangu aliniuliza, mdomo kwa sikio, nikiwa na jibu, na bado nikamlinda Kiprono asiaibike.

Mteremko kama ule unavukwa mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali salama. Hata hilo hatukulifanya. Kumwacha mwenzako avuke peke yake huku umesimama unamtazama, kwetu ni kama kumtelekeza. Tulivuka pamoja, karibu karibu, kama watu wanaokwenda msibani.

Halikuwa poromoko kubwa. Mtu aliyesimama mbali angeona kitu kama shuka linaloteleza kitandani. Kiprono lilimtupa kando. Mimi lilinizungusha na kuniacha nimefukiwa mpaka kiunoni. Furaha lilimchukua mpaka korongoni, na theluji yote ikaenda kulala huko.

Tulimtafuta kama tulivyojifunza. Mlio wake tuliupata upesi, na ufito wa kuchoma thelujini ukamgusa. Lakini alikuwa chini sana, na theluji iliyosimama baada ya kuporomoka si theluji tena, ni saruji. Sisi wawili na mabeleshi mawili. Kiprono alichimba huku akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikalenjin, mstari uleule, bila kujua anaimba. Tulipoufikia uso wake nilijua kabla sijamgusa. Tuliendelea kumpulizia pumzi mpaka helikopta ilipokuja, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Matanga yake uliyaona. Ule ukumbi ulijaa, Wakongo, Wakenya, Warundi, wazee wa Kiswidi aliokuwa akiwauguza, mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Kiprono alisimama akasema, "Niliyeongoza ni mimi." Watu wakamnyamazisha kwa upole. Mapenzi ya Mungu, wakasema. Akaketi. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikanyamaza kwa mara ya tatu maishani mwangu.

Miezi ikapita kabla hajaniuliza. Alikuja hapa, akakaa kwenye kiti hiki ninachokikalia, hakuvua hata jaketi.

"Ile sauti," akasema. "Wewe ulijua ni nini?"

"Nilijua, kaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia tule."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Dada yangu," akasema, "ningegeuka. Ungesema neno moja tu, ningegeuka. Mimi nilikuwa naogopa tangu asubuhi. Niliendelea kwa sababu ninyi mlikuwa mnanifuata."

Sijui kama ni kweli angegeuka. Huenda na yeye alikuwa ananigawia sehemu ya mzigo wake, na alikuwa na haki. Lakini kile kitu nilichokuwa nikikilinda, ukubwa wake, heshima yake mbele yetu, hakikuwepo. Kulikuwa na mtu mwenye hofu aliyekuwa anasubiri tumruhusu kurudi. Tulikuwa watu watatu tunaopendana, kila mmoja anamfuata mwenzake kwa adabu.

Sasa nije kwako, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Ulipokuwa na miaka tisa tulienda shuleni kwenu kwa kile kikao cha mzazi na mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa vizuri, nikazungumza Kiswidi changu kwa kujiamini, na wewe ukanisahihisha. Kwa sauti, kwa nia njema, ukitabasamu. Nikakufinya chini ya meza. Hukulia. Ulimtazama mwalimu na ukaendelea kutabasamu, na tangu siku ile hukunisahihisha tena. Ukawa unanijibu "ja, mamma", ndiyo mama, kwa lugha ile nyingine, kama mtu anayeweka kitu mezani na kuondoka. Wageni walikusifu. Nikasifiwa na mimi. Watu walikuwa wakiniuliza nimefanyaje kumlea mtoto mwenye heshima hivi katika nchi hii.

Ndipo ukaja, ukiwa na miaka kumi na mitano, kuniambia unataka kujifunza topptur. Baada ya yote. Nikasema hapana kabla hujamaliza, ukasema sawa. Mwaka mzima hukulitaja. Nilikuona ukiangalia milima kwenye simu na kuifunika nikipita. Ungepiga kelele ningelala usingizi. Ile sawa yako ndiyo iliyoniamsha, kwa sababu naijua sawa hiyo. Ni yangu. Nilikurithisha pamoja na magoti yangu. Nilikwenda kuzitoa ski zangu kwenye chumba cha chini, nikabandika ngozi, nikakupeleka mwenyewe kando ya ziwa kufukua mfuko wa mkate. Wenzangu kazini wanasema nina roho ngumu. Hapana. Niliona kwamba ukibaki nyumbani ukiwa mtu wa sawa, hutakuwa salama pia. Hatari ya namna hii haihitaji mlima.

Huko uendako watakufundisha theluji kunizidi mimi mbali. Utaisoma kama gazeti. Siogopi kwamba hutajua. Naogopa utajua, na mbele yako atakuwa amesimama mtu unayempenda, au mtu aliyekutendea mema, au kijana mzuri mwenye sauti nzito aliyezaliwa na ski miguuni, na utasikia maneno yako yakianza kutafuta nguo za kuvaa. Na usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu tuliotoka mbali. Waswidi wana wao. Wakiogopa kuharibu hali ya hewa ya kundi wanatazama buti zao na kusema det ordnar sig, itakuwa sawa tu, na wanakwenda. Utaambiwa huku kila mtu ana sauti. Anayo. Swali ni nani ataitoa mahali ambapo itamgharimu kupendwa.

Kwa hiyo usiulize kama watu wana njaa. Usiseme labda. Usimpe mtu mlango ukidhani ataingia. Sema tugeuke, kwa lugha yoyote itakayowahi kufika mdomoni. Watakaokuchukia kwa hilo watakuchukia wakiwa hai, na hilo linavumilika. Na siku ukiwa wewe ndiye kiongozi, wanaokufuata wakikupenda kupita kiasi, simama uwaulize mmoja mmoja, na umtazame zaidi yule anayesema wewe ndiye unayejua.

Leo mchana nilikuambia nimeomba ruhusa kazini, nimekata tiketi, nitasafiri nawe mpaka huko nikaone chumba chako na walimu wako. Ukaweka kijiko chini.

"Hapana, mama. Sitaki uje. Nataka kufika peke yangu."

Kwa Kiswahili. Nilihisi mdomo wangu ukijifungua kusema unanijibu?, lile lile alilokuwa akiniambia mama yangu, na uliliona linakuja. Hukuinamisha macho. Mikono uliificha chini ya meza, nami nikaikumbuka ile meza ya shuleni, na ukasema tena, polepole, "Sitaki uje." Mimi nikaenda kwenye sinki nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi, na wewe ukavaa koti ukaenda Hässelby ukidhani umeniumiza.

Umeniumiza. Na tiketi nimeirudisha.

Kesho tutaagana hapa mlangoni. Lakini mimi ni yule yule, Nekesa, barua moja haimbadilishi mtu. Ukiniona nimeinama naanza kuvaa viatu, niambie tena.

Mama yako